Birika la Bwana Athmani

"Mtazama dari huloa miguu," alisema Bi Tima, akaendelea kukunja jezi.

Wasichana wa timu ya mpira wa pete walikuwa wamerudi wakiwa wamefungwa magoli kumi na manane, na tangu washuke garini hawakuwa na wimbo mwingine ila mwamuzi: mwamuzi kawaonea, mwamuzi haoni, mwamuzi ni shemeji wa kocha wa wenzao. Waliposikia habari ya dari wakanyamaza, maana hawakuona dari imeingiaje uwanjani. Mmoja akauliza methali hiyo imetoka wapi, kwani kwenye kitabu cha shule haimo. Bi Tima alifundisha darasa la saba miaka thelathini na mmoja, na hajajaliwa kujibu swali kwa sentensi moja. Akawaambia wakae chini na jezi wazikunje wao. Akasema methali nayo ina kwao kama mtu alivyo na kwao. Kwao hii ni Shakwe, na iliingia duniani hivi.

Shakwe ulikuwa mji mdogo wa pwani, na nyumba zake msizifikirie bati wala vigae. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilikuwa bapa: boriti zimelazwa toka ukuta hadi ukuta, juu ya boriti mawe, juu ya mawe chokaa na kokoto. Chokaa hiyo haikuachwa ijikaukie yenyewe. Ilipigwa. Wanawake hamsini, sitini, walipanda juu na vigongo vya mkononi wakaipiga siku tatu mfululizo, ngoma chini, nyimbo juu, matani kila upande, mpaka ikashikana ikawa haipitishi tone. Kazi ya mwenye nyumba ilikuwa kupika. Dari ikipigwa, mtaa mzima ulikuwa harusini.

Aliyeongoza wapigaji aliitwa Somoe binti Lali. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na siku zisizo na dari alisuka ukili wa majani ya mkindu na kushona mikeka. Akianzisha wimbo yeye, vigongo sitini vilianguka kwa pamoja. Akianzisha mtu mwingine, vilianguka kila kimoja na saa yake. Baba yake, Fundi Lali, ndiye aliyezijenga dari hizo, arubaini na kitu, na hakuna hata moja iliyovuja. Ila moja. Yaani watu walisema moja.

Hiyo moja ilikuwa ya Bwana Athmani bin Famau. Bwana Athmani alikuwa mtu wa watu, mkarimu, mwenye kumsaidia mwenzake bila kuombwa, na mbishi kupindukia. Uani mwake kulikuwa na birika, hodhi la maji lililojengwa kuuegemea ukuta wa chumba cha ndani. Samaki wadogo waliogelea humo wakila viluwiluwi vya mbu, na kata ya kifuu ilining'inia kando ili yeyote apitaye anywe na atawadhe. Babu yake alilijenga la kimo cha goti. Mwaka mmoja, Maulidi yakikaribia, Bwana Athmani aliona aibu wageni kupanga foleni ya maji, akaita vibarua wakaliinua hadi kifuani. Hakuna kitu alichokipenda duniani kama birika lile. Mgeni akifika, kabla ya kuulizwa hali alionyeshwa birika.

Mwaka huohuo ukuta wa chumba cha ndani ukaanza kulia. Ulifanya madoa, chokaa ikavimba na kumenyuka, unga mweupe wa chumvi ukachipua, na ukiuwekea kiganja kilitoka kimeloa. Tena ulilia kwa vipindi, na vipindi vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Maulidi ulilia. Ramadhani ulilia. Mgeni mkubwa akija, ulilia. Siku za kawaida ulitulia ukanywea. Watu wa Shakwe, ambao hawajawahi kukosa maelezo, wakasema ukuta ule una kijicho, hauwezi kuona watu wanafurahi. Wakakusanyika wausomee, wakapikiwa, wakatawadha, wakausomea. Na jioni ile ulilia kuliko siku zote.

Bwana Athmani hakuamini mambo ya kijicho. Yeye alijua kwamba maji hutoka juu. Mvua hutoka juu, basi na ukuta ukiloa, tazama juu. Ijumaa moja, kwenye ngazi za msikiti, watu wakitafuta viatu vyao, akasema kwa sauti kwamba dari ya Fundi Lali inavuja, na kwamba mzee yule sasa mkono umemchoka. Fundi Lali alikuwa hapo hapo, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Alikwenda zake nyumbani, akalala kitandani, na siku ya pili hakutoka, wala ya tatu. Alipofika hapa Bi Tima sauti ilimshuka kidogo, akasema kuna watu ukiwatukana wanakutukana yakaisha, na kuna watu ukiwatukana wanakuamini.

Miaka miwili Fundi Lali hakuvuka kizingiti cha mlango wake. Hata Ijumaa alisali nyumbani. Somoe alimpikia, akamfulia, akamletea habari za mjini, naye alisikiliza akiwa ameelekea ukutani. Watu walioishi chini ya dari zake, wakavu kama unga ghalani, walianza kutazama juu kwa mashaka. Bwana Athmani alileta fundi mwingine, dari ikaongezwa tabaka la pili, ikapigwa siku tatu. Ukuta ukalia vilevile, na lawama ikabaki kwa Lali: alikosea msingi wa dari, wakasema, hata ukiiongezea juu haisaidii.

Basi ikafika harusi ya Mwanajabu, binti wa pekee wa Bwana Athmani. Chumba cha ndani ndicho kingekuwa chumba cha bibi harusi. Na wiki ile, kama mlivyotarajia, ukuta ukalia. Bwana Athmani akaapa kwamba safari hii dari itaongezwa tabaka la tatu, nene kuliko yote, na ukuta ukikauka, Shakwe nzima ijue dari ndiyo iliyokuwa na kosa na jina la Lali lifutwe kwenye orodha ya mafundi. Kisha akatuma mtu kwa Somoe aje aongoze wapigaji.

Somoe aliposikia alisimama katikati ya ua wake. Kuitwa uongoze nyimbo juu ya kaburi la jina la babako, hilo nalo ni jambo la kuitwa? Alitaka kukataa. Lakini alijua akikataa itasemwa kwamba hata binti anajua dari ni mbovu. Akajitwika kigongo na kikapu chake cha ukili na rangi zake, maana wanawake walisuka wakati wa kupumzika, akaenda. Njiani aliamua jambo moja: kabla ya kupanda juu, atauona ukuta huo kwa macho yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuona. Kwa hasira alikuwa hajakanyaga nyumba ile.

Alifika saa mbili asubuhi. Ua ulishajaa. Ngoma zilikuwa zinaota jua, masufuria ya wali yamepangwa, wanawake sitini wanataniana, kokoto na chokaa zimeshapandishwa nusu. Bi Mwanshee, mke wa Bwana Athmani, alimpokea kwa mikono miwili, akamwingiza chumba cha ndani bila maswali. Alikuwa mama mnene mwenye macho ya kucheka, na kwa siri alikuwa akimpelekea Fundi Lali sahani ya futari kila Ramadhani.

Somoe akautazama ukuta. Alikuwa amekulia miguuni pa fundi, na macho yake yalijua kazi hata kama mikono haikupewa mwiko. Doa lilikuwa jeusi sakafuni, kijivu usawa wa goti, hafifu kiunoni, na kifuani likaisha. Kutoka hapo hadi kwenye boriti ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Akapanda juu ya kitanda akagonga boriti moja moja kwa kifundo cha kidole. Zikamjibu kwa sauti ya mti mzima. Akashuka. Akachomoa msumari kwenye kikapu, ule wa kupasulia ukili, akaudunga kwenye mwimo wa mlango. Juu haukuingia. Usawa wa bega haukuingia. Chini, karibu na kizingiti, msumari ulizama wote kama kwenye muhogo uliochemshwa.

Akamuuliza Bi Mwanshee mvua ya mwisho ilinyesha lini. Bi Mwanshee akahesabu kwa vidole, akasema miezi miwili na siku. Kaskazi ilikuwa kali, mpaka majani ya mpapai yalikunjamana. Ukuta ulianza kulia lini safari hii? Juzi, akasema, siku wachota maji walipomaliza kujaza birika kwa ajili ya wageni.

Wanawake hao wawili wakatazamana. Wakatoka nje, karibu wapigane vikumbo mlangoni.

Birika lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji yanameremeta, samaki wanacheza. Somoe akalizunguka hadi pale ukuta wa birika unapokutana na ukuta wa nyumba. Sehemu ya chini, ile ya babu, ilikuwa imeshikana na nyumba kiasi cha kutoona mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine. Sehemu ya juu, ile ya vibarua, ilikuwa imetoa kitumbo kuelekea uani, na kati yake na nyumba palikuwa na mstari mwembamba kama ukucha. Akachukua uzi mmoja wa ukili akauingiza. Ukaingia kiganja. Ukaingia hadi kiwiko. Uzi wenye urefu wa mkono mzima ukamezwa, na alipouvuta ulitoka unachuruzika maji.

Sasa akaelewa kwa nini ukuta ulikuwa na kijicho. Siku za kawaida maji ya birika yaliishia usawa wa babu, wala hayakufika kwenye ufa. Siku za shughuli birika lilijazwa hadi juu, maji yakapata njia, yakajipenyeza ndani ya ukuta na kushuka taratibu hadi chumbani. Hakikuwa kijicho hata kidogo. Somoe alijikuta anacheka peke yake, machozi yanamtoka. Baba yake hakukosea. Alitaka kupaza sauti mtaa wote usikie.

Badala yake alimwendea Bwana Athmani, akampigia goti kama ilivyo adabu, akamweleza. Bwana Athmani alisikiliza mpaka neno birika likatajwa. Hapo masikio yakaingia pamba. Akasema ufa ule ni wa chokaa ya juu tu, mstari wa kupendeza. Akasema miezi miwili ya jua si kitu, dari imekunywa maji ya masika na sasa inayatema. Akasema anaelewa uchungu wa mtoto kwa mzazi, lakini birika lake ni sadaka, na sadaka haiharibu nyumba.

"Ami," akasema Somoe, "ukuta ule chini umekuwa laini. Ukiuongezea tabaka la tatu kichwani, na wanawake sitini wakiruka juu yake, na chini yake yupo bibi harusi, mimi sianzishi wimbo."

"Utaanzisha, mwanangu. Watu wamekuja, wali umetiwa maji."

"Nitaanzisha tukilijua kosa. Niruhusu nitie rangi birikani. Hii hapa, rangi ya ukili. Ikiwa maji ya chumbani hayana rangi, nitapanda juu na nitaimba kwamba dari ya babangu ilivuja. Nitaliimba jina lake."

Ngoma zilizokuwa zikijaribiwa zikaacha. Bwana Athmani akatazama pakiti nne za unga wa zambarau kiganjani mwa Somoe kana kwamba ni sumu. Birika lake, siku ya watu, litiwe rangi ya mikeka? Maji yakibadilika hivyo hayafai tena kutawadhia. Wageni watatawadhia nini?

Bi Mwanshee alikuwa ameshaanza kuwateka samaki kwa kawa na kuwatia kwenye sufuria. Bila kugeuka akasema msikiti una kisima chake, hatua ishirini, na miguu ya wageni wa Shakwe haijavunjika. Kisha akamgeukia mumewe. "Bwana, miaka miwili tunailisha dari hii chokaa. Leo moja tu tulilishe birika."

Wanawake wakacheka, na mbele ya kicheko cha wanawake sitini hakuna mbishi. Bwana Athmani akakubali shingo upande. Rangi ikatiwa, ikakorogwa kwa mpini wa kata, na birika lote likawa zambarau iliyoiva.

Wakangoja. Bi Tima anasema kungoja kule hakujawahi kutokea tena Shakwe. Chumba cha ndani kilijaa watu mpaka dirishani, wengine wamekaa juu ya kitanda cha bibi harusi, ambalo halikuwa jambo zuri. Wote macho ukutani. Ukapita muda wa kunywa kahawa kikombe, ukapita muda wa kunywa buli zima. Jasho likawatoka. Mwanamke mmoja alidai ameona, wakamsogelea, kumbe kivuli cha kanga yake. Wali ukaanza kuungua na hakuna aliyekwenda kuugeuza. Somoe alichuchumaa karibu na ukuta, akihesabu pumzi. Alijua maji yana njia, ila hakujua urefu wa njia. Je, kama kweli ufa ni wa juu tu? Je, kama ameliweka jina la baba yake mdomoni mwa watu sitini, na sasa litaimbwa?

Saa ikapita. Bwana Athmani akaona yatosha. Akavua makubadhi mlangoni, akaingia chumbani na bakora yake, watu wakampisha, akasimama katikati ya sakafu. Akaanza kuhutubu. Alikuwa na sauti nzuri ya kuhutubu, nayo aliipenda. Akainua bakora akaonyesha boriti ya kwanza, akasema tazameni hapa. Akaonyesha ya pili, akasema tazameni na hapa, Lali aliacha nafasi kubwa. Akaeleza chokaa inavyokunywa, inavyohifadhi, inavyotema. Shingo imepinda nyuma, ndevu zimeelekea juu, anatembeza bakora toka boriti hadi boriti.

Somoe ndiye aliyeona kwanza. Chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu, palitoka nukta ya zambarau. Nukta ikawa uzi. Uzi ukawa utepe, ukaanza kutambaa sakafuni, na kwa kuwa sakafu ilikuwa na mteremko mdogo, ulitambaa kuelekea katikati. Mwanamke wa pili akauona, akaziba mdomo kwa kanga. Wa tatu akamfinya wa nne. Bwana Athmani alikuwa amefika boriti ya sita. Maji yakamfikia kisigino, yakamzunguka, yakaingia kati ya vidole. Naye, kwa joto lile, alifurahia ubaridi bila kujua anafurahia nini, akaendelea na boriti ya saba.

"Ami," Somoe akasema taratibu. "Itazame miguu yako."

Akaitazama. Alisimama ndani ya kidimbwi cha zambarau, nacho kilikuwa kinakua.

Kicheko kilichopasuka nyumbani mle kilisikika sokoni. Waliokuwa uani wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka upya. Ngoma ikaanza bila kuamriwa. Vigelegele vikapanda hadi darini, ile dari ya Lali isiyo na kosa. Mwanajabu, bibi harusi mwenyewe, ambaye kwa desturi hakupaswa kuonekana, alichungulia kutoka chumba cha pili na kucheka mpaka akajishika mbavu. Somoe peke yake hakucheka. Alikaa pale pale chini, akalia kwa sauti kama mtoto, na Bi Mwanshee akaja akakaa naye kwenye maji.

Bwana Athmani alikuwa mbishi, lakini hakuwa mwongo. Alisimama kitambo akiitazama miguu yake. Kisha akashusha bakora, akatoka nje akiacha nyayo za zambarau ua mzima, akafika kwenye birika lake, akaweka kiganja juu ya ukingo aliouinua mwenyewe. Akasema ule ukingo ubomolewe.

Wanawake sitini walikuwa wamekuja kupiga, na walipiga. Wachota maji walilikausha birika kwanza, ndipo vigongo vikashuka juu ya kazi ya vibarua, Somoe mbele, wimbo mpya kabisa mdomoni, wa kumtania Ami Athmani na soksi zake za zambarau. Walipoiangusha ile sehemu ya juu, kila mtu aliona kosa. Ilikuwa imebandikwa tu kwenye ukuta wa nyumba kwa chokaa changa. Hapakuwa na jiwe hata moja la kuzifunga kuta mbili, jiwe refu linaloingia nusu huku na nusu kule. Mafundi wa Shakwe huliita jiwe hilo mshenga, kwa kuwa ndilo linalowashika wawili wasiachane. Na hapo Bi Mwanshee akakumbusha, kwa upole wenye ncha, kwamba Fundi Lali ndiye aliyeombwa kazi ile kwanza. Alisema chokaa ilale shimoni miezi mitatu ikomae, na ukuta wa nyumba utobolewe upokee washenga. Bwana Athmani alikuwa na wiki tatu tu hadi Maulidi, akasema mzee anapenda kuvuta kazi.

Ukuta wa chumba cha ndani haukupakwa kitu siku ile. Ulimenywa chokaa yote iliyovimba, ukaachwa uchi, madirisha wazi, upigwe na upepo wa kaskazi hadi ukauke wenyewe ndani kwa ndani. Mwimo uliooza ukang'olewa. Bibi harusi akapewa chumba cha jirani, harusi ikafana, wali wa kuungua ukaliwa wote.

Lakini rangi ya ukili haina huruma. Imetengenezwa ili mkeka ukaliwe miaka kumi usichujuke. Bwana Athmani alisugua miguu kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, akasugua kwa mchanga, na miguu ilizidi kung'aa. Ikafika Ijumaa. Msikitini, mnajua, hakuna viatu. Angeweza kusali nyumbani. Angeweza kusema anaumwa. Alikwenda, akasimama safu ya mbele kama kawaida yake, na nyuma yake watu waliosujudu waliona nyayo mbili za zambarau zimewaelekea. Inasemekana baadhi yao waliirudia sala ile kwa ajili ya kucheka.

Walipotoka, pale pale kwenye ngazi, watu wakitafuta viatu vyao, Bwana Athmani akawaomba wangoje. Hakuvaa viatu. Akasema: "Hapa niliposimama ndipo nilipomvunjia heshima Fundi Lali, na hapa ndipo ninapomrudishia. Dari yake haijavuja tone. Mimi ndiye niliyekuwa natazama dari, na tazameni nilivyoloa miguu." Kisha akashuka ngazi vivyo hivyo, pekupeku, akaelekea mtaa wa pili. Na Shakwe nzima, viatu mkononi, ikamfuata.

Fundi Lali alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Somoe alikuwa ameshamsimulia yote, si mara moja, mara nne, naye hakugeuka. Mtu aliyeliamini tusi miaka miwili haliachi kwa kuambiwa. Alisikia hodi, akasikia sauti aliyoijua, akajikunyata. Bwana Athmani akaingia, akakaa sakafuni kando ya kitanda, mtu mzima yule, akanyoosha miguu yake mbele ili ionekane.

"Fundi," akasema, "nimekuja kukuonyesha."

Mzee Lali akageuka polepole. Akaitazama ile miguu, kisigino hadi ukucha, kwa jicho lile lile alilokuwa akikagulia chokaa. Somoe, aliyekuwa mlangoni, alishika mwimo kwa nguvu. Halafu mzee akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikakua, kikamkalisha, kikamtoa machozi, na watu waliojaa uchochoroni wakakisikia wakanyamaza, kwa sababu miaka miwili walikuwa hawajakisikia. Akateremsha miguu yake mikavu, iliyokonda, akaiweka sakafuni kando ya ile ya zambarau.

"Mtazama dari huloa miguu," akasema.

Akamwomba Somoe amletee viatu.